Kasuku aliyevunjika mdomo anakufa njaa, chakula kikiwa mbele yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloninyima usingizi tangu Alhamisi iliyopita. Jioni ile binti mmoja wa Majengo, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuja kwangu hapa Rau, Moshi, akiwa amekumbatia boksi la viatu. Ndani yake alikuwamo kasuku mdogo, wale wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa ambao kwao ni huku huku kaskazini, pande za Serengeti. Mwenzake wa tundu moja alikuwa amemng'ata mdomo wa juu siku nne nyuma. Nilipompapasa kifua nikakuta nyama imekwisha, umebaki mfupa wa katikati umesimama kama ncha ya kisu. Kidonda chenyewe kilikuwa kikavu, hakina usaha. "Chakula nilimwekea tele, bibi," binti aliniambia huku machozi yakimtoka. "Kikombe kimejaa mtama mpaka leo." Kweli kilikuwa kimejaa, maana hakuna punje hata moja iliyoliwa. Ndege alikufa mikononi mwangu kabla maji niliyobandika hayajachemka.

Binti yule hakuwa mzembe. Alimsafisha kidonda, akamtenga na mwenzake, akamwekea mtama na maji. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kasuku hawezi kubangua punje bila mdomo wa juu, na kwamba ndege mdogo namna ile hana akiba mwilini ya kumvusha siku nyingi bila kula. Mimi nayajua haya kwa sababu mwaka huu nimeyapitia na kasuku wangu, na nusura nimpoteze kwa ujinga ule ule, mimi niliyefunga vidonda vya watu wodini miaka 34.

Kasuku wangu anaitwa Hodi. Ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Marehemu mume wangu alimleta kutoka Bukoba mwaka 1996, na jina alijipa mwenyewe kwa kupiga hodi kutwa nzima hadi majirani wakawa wanaitikia "karibu" wakiwa majumbani mwao. Hana tabia ya kukaa tunduni mchana. Sehemu anayoipenda kuliko zote ni juu ya mlango wa chuma wa jikoni, upande wa bawaba, ambako hukaa akitafuna rangi na kuchungulia sufuria. Tuliishi hivyo miaka mingi, na sikuwahi kuliona hilo kuwa hatari.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, masika yakielekea ukingoni, upepo ulivuma ghafla kutoka upande wa mlimani mjukuu wangu akiwa amefungua mlango wa uani. Mlango wa jikoni ukajibamiza. Hodi alikuwa ameingiza mdomo kwenye uwazi wa bawaba. Nilisikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwake, kisha nikamwona sakafuni anazunguka, damu imetapakaa kwenye vigae.

Ncha ya mdomo wa juu, karibu sentimita moja, ilikuwa imekatika kabisa. Kutoka pale ilipokatika ulipanda ufa wa mshazari kuelekea puani, ukaishia kabla ya kufika kwenye mzizi. Mkono ulinitetemeka. Watu wengi hudhani mdomo wa ndege ni kitu kama ukucha au pembe, kikivunjika kimevunjika. Ile ngozi ngumu ya juu ndiyo inayofanana na ukucha. Chini yake kuna mfupa, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, kwa hiyo maumivu anayoyapata ni ya kuvunjika mfupa. Halafu damu ya kasuku wa gramu 430, ukiikusanya yote, haijazi kikombe cha kahawa cha kijiweni. Kila tone lina thamani.

Nilimfunika taulo, nikamshika kichwa kwa vidole viwili huku nikijitahidi nisimbane kifua. Hili ni muhimu mno, kwa sababu ndege hupumua kwa kutanua na kurudisha kifua chake, na ukimbana kama unavyombana kuku wa kuchinja anakosa pumzi mikononi mwako ukidhani ametulia. Nikakandamiza shashi kwenye ncha inayotoka damu, dakika tano kwa saa ya ukutani bila kuchungulia. Damu ilipopungua nikabandika unga kidogo wa ngano pale kwenye ncha tu, nikakandamiza tena. Ikakata. Nikamweka kwenye boksi lenye giza na kitambaa laini, na chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kanga upande mmoja, ili akisikia joto limezidi asogee. Hadi hapo nilikuwa nimefanya vizuri.

Makosa yalianza Jumapili. Nilitaka kumpa diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa sababu ipo kabatini na ndiyo niliyozoea kuwagawia wagonjwa. Namshukuru Mungu niliahirisha. Baadaye nilielezwa na daktari kwamba dawa hiyo ndiyo iliyoteketeza tumbusi wa India na Pakistani, waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuja na gundi ya kuunganishia viatu. Hiyo niliikataa, maana gundi ikifunika kidonda kichafu inafungia uchafu ndani. Jumatatu nikaenda kwenye duka moja la dawa za mifugo. Kijana wa dukani alinisikiliza, akanipa pakiti ya unga wa kuchanganya kwenye maji ya kuku, halafu akasema, "Lakini mama, kwa hali hiyo si umchinje tu, utapata mwingine?" Sikumjibu. Nilichanganya dawa yake kwenye maji. Hodi hakunywa, angenywaje na mdomo unauma? Dawa inayotegemea ndege anywe mwenyewe haimsaidii ndege asiyeweza kunywa, na mimi muuguzi nilipaswa kuliona hilo mapema.

Siku zote hizo tatu niliamini anakula. Nilimwona akiinamia bakuli, anagusa mbegu za alizeti kwa ulimi, anainuka. Maganda yalikuwamo bakulini, nami nikaridhika. Yalikuwa maganda ya wiki iliyopita. Jumatatu usiku nilimweka kwenye mizani ninayopimia unga wa keki, ikasoma gramu 396. Gramu 34 zilikuwa zimeyeyuka ndani ya siku mbili na kitu, mimi nikiwa naye chumba kimoja. Ndege huficha ugonjwa, kwa sababu porini anayeonekana mnyonge ndiye anayeliwa. Manyoya yanamfunika, anaonekana mnene vile vile. Ningekuwa na neno moja tu la kuwaambia wenye kasuku wote wa Moshi na Arusha lingekuwa mizani. Mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike kwenye daftari. Macho yako yatakudanganya.

Jumanne alfajiri tukapanda gari la Arusha, kilomita kama 80, Hodi ndani ya boksi lenye matundu lililofunikwa kitenge. Muuguzi mwenzangu wa zamani alinielekeza kwa daktari wa wanyama anayetibu mbwa na paka lakini aliyewahi kushughulika na ndege wa porini walioumia. Simtaji, maana hakuniruhusu, ila dua zangu anazo. Alisafisha kidonda kwa maji ya dripu, akaondoa kipande kilichokuwa kinaning'inia, akamchoma sindano ya meloksikam, dawa ya maumivu, kwa kipimo cha uzito wake, akaanzisha antibayotiki. Kisha akashika mdomo wa juu kwa ncha za vidole, akauinua na kuushusha polepole. Akanieleza kwamba mdomo wa juu wa kasuku umeungwa na fuvu kwa kitu kama bawaba, unacheza, tofauti na taya letu la juu. Alikuwa anaangalia kama bawaba ile imesalimika. Ilikuwa imesalimika. Na kwa kuwa ufa haukufika kwenye mzizi, ambako mdomo unaota, upo uwezekano wa kuota tena. Mzizi ungekuwa umepondeka, alisema, ncha isingerudi maisha yake yote.

Halafu akaniambia maneno ambayo nimeyabandika ukutani jikoni: kidonda nitakitibu mimi, njaa utaitibu wewe.

Naomba nieleze kwa kirefu namna nilivyomlisha, kwa sababu hapa ndipo ndege wengi wanapopotea. Nilitumia bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano. Mchanyato niliupika mwenyewe: ndizi mshare zilizochemshwa na kupondwa hadi ziwe kama mtori, ila mtori usio na nyama wala chumvi wala kitunguu, pamoja na boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na kiini cha yai lililoiva. Nilisaga, nikachuja, nikapasha moto hadi nikidondoshea upande wa ndani wa kifundo cha mkono nisikie uvuguvugu tu. Chakula baridi humdumaza, cha moto kinaunguza gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Mjukuu alimshika kwenye taulo akiwa wima, mimi nikaingiza ncha ya bomba upande wa kushoto wa mdomo wake nikielekeza kulia, tone kwa tone, nikisubiri ameze. Ukisukuma kwa haraka anapaliwa, chakula kinaingia kwenye mapafu na umemuua kwa mkono wako. Kwa hiyo nawasihi wasomaji, kabla hujajaribu, tafuta mtu akuonyeshe mara ya kwanza. Mimi daktari alinisimamia nimlishe mara mbili mbele yake ndipo akaniruhusu kuondoka.

Kila saa tatu, kuanzia alfajiri hadi saa mbili usiku, siku kumi na moja mfululizo. Siku mbili za mwanzo alinichukia, akanifokea, akatapakaza uji kwenye miwani yangu. Siku ya tatu akafungua mdomo mwenyewe aliponiona na bomba. Mizani ilishuka hadi gramu 389 ikasimama, halafu 391, halafu 397.

Kuna mambo mengine ambayo mtu hayafikirii mpaka ayaone. Kasuku hupanda kwa mdomo, ni kama mguu wake wa tatu. Hodi alijaribu kupanda nyavu za tundu akaanguka chali mara mbili. Nikashusha vijiti vyote karibu na sakafu, nikatandika kanga kuukuu chini. Mdomo pia ndio chanuo lake. Hakuweza kujichambua manyoya, uji ukamgandia kidevuni na kifuani, ikabidi nimfute kwa pamba na maji ya uvuguvugu kila baada ya mlo. Ilipofika Juni baridi ya Moshi ikaanza kuuma usiku. Mtu wa kwanza kunishauri alisema nimsogeze karibu na jiko la mkaa. Hapana. Moshi wa mkaa na ile hewa yake isiyo na harufu humwangusha ndege haraka kuliko binadamu. Niliendelea na chupa za maji ya moto, nikiamka saa nane usiku kuzibadilisha.

Na parachichi. Hili naliandika nikiwa bado naogopa. Mwanamke mmoja mwema wa Kibosho, aliposikia nina mgonjwa asiyeweza kutafuna, aliniletea maparachichi matano yaliyoiva vizuri, laini kama siagi. Chakula gani kingefaa zaidi kwa asiye na mdomo? Dada anayenisaidia nyumbani alishaanza kuponda. Nikampigia daktari simu kumuuliza kiasi gani nichanganye, akapaza sauti kwenye simu: parachichi ni sumu kwa kasuku, linashambulia moyo. Sisi wa Kilimanjaro tuna miparachichi kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, watoto tunawalea kwa parachichi. Tafadhalini, kwa ndege wenu, hata kijiko kimoja msimpe.

Kidonda kilipokauka na kuwa safi tulirudi Arusha kwa ajili ya kiraka. Kiraka hicho kina historia yake. Daktari alihitaji akriliki ile inayotengenezewa meno ya bandia, na yeye hakuwa nayo. Mtaani kwetu yupo mzee fundi wa meno ya bandia, tumefahamiana tangu yeye na mimi tukiwa vijana kazini. Nilipomweleza alidhani namtania. Alipomwona Hodi akanyamaza, akafunga akriliki ya unga na ya maji kwenye vichupa viwili, akakataa pesa. Daktari aliipaka kwa tabaka nyembamba nyembamba, kwa sababu inapokauka inatoa joto na ndani ya mdomo mna nyama hai. Ufa ukashikana, ukaacha kufunguka kila anapouma. Daktari alinihadithia siku ile kuhusu ndege wa Kosta Rika, tukani aitwaye Grecia, ambaye mwaka 2015 alivunjwa mdomo wa juu na vijana waliompiga, na mwaka uliofuata akavishwa mdomo wa bandia uliotengenezwa kwa mashine. Kisa chake kiliwachochea watu wa huko kudai sheria ya kuwalinda wanyama dhidi ya ukatili. Nilimsikiliza nikimwangalia Hodi na kiraka chake cheupe, nikafikiri sisi tumefika mbali kwa vichupa viwili vya fundi wa mtaani.

Kiraka kilidumu wiki sita hivi, kikasukumwa na mdomo mpya na kuanguka chenyewe. Ule ufa nao umeshuka kidogo kidogo kuelekea nchani. Hodi sasa ana gramu 426. Anakula wali, maharage yaliyoiva sana, papai, mahindi mabichi ya kuchemsha niliyoyapukuchua. Karanga hawezi, nami sijutii, maana karanga za sokoni zikiwa na sumukuvu humuumiza ini. Mdomo umeota umepinda kushoto, kwa hiyo ya juu na ya chini hazisuguani ipasavyo na kila baada ya wiki kadhaa daktari humpiga tupa kidogo. Itakuwa hivyo labda hadi mwisho, na kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Nimeshamfundisha mjukuu.

Sasa, Ndugu Mhariri, ombi langu. Kila duka la dawa za mifugo nililoingia mwaka huu nimekuta mtu anayejua kukata midomo ya kuku wa mayai kwa chuma cha moto ili wasidonoane. Watu hao wanajua kwamba mdomo unatoka damu, wanajua kuisimamisha, wanajua kwamba kuku aliyekatwa vibaya anashindwa kula. Elimu ipo. Imekosekana hatua moja tu ya kuihamishia kwa ndege anayefugwa kwa mapenzi. Chuo cha mifugo kipo hapa Tengeru, na madaktari wetu wa wanyama husomea SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kule Morogoro. Nawaomba wakuu wa vyuo hivi watenge hata asubuhi moja ya kufundisha namna ya kumshika kasuku, kumpima, kumlisha kwa bomba na kumpa dawa kwa kipimo chake. Nawaomba maafisa mifugo wa kata, mtu akija na ndege kwenye boksi, swali la kwanza liwe "amekula lini mara ya mwisho?"

Nisieleweke kwamba nawahamasisha watu wakanunue kasuku. Wa kijivu kwa hapa nchini wapo katika misitu michache ya Kagera karibu na Uganda, wamepungua sana Afrika nzima, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Kumfuga ndege wa porini kunahitaji kibali. Hodi ana makaratasi yake, lakini leo mume wangu angekuwa hai nisingekubali alete mwingine. Ninawaombea wale ambao tayari wako majumbani mwetu.

Binti wa Majengo bado anaye yule ndege mwenzake. Nimempa bomba moja la mililita 1, na mizani yangu ya zamani inayosoma gramu, naye Jumamosi atakuja nimfundishe kumshika. Milango yangu yote sasa ina vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tairi, nimevipigilia upande wa bawaba, kimo cha juu kabisa. Fundi aliuliza kwa nini juu na si chini.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Rau, Moshi